Chuma Kilichosoma

Jumatatu, 3 Juni

Mungu ni mwema! Mama Henriette, mama yake Charline, amekubali kunipima. Amesema nimletee Jumapili kisu nilichofua kwa mikono yangu, chenye ule mstari mweupe wa mawimbi karibu na makali, kama visu vya Élisée. Kikimpendeza, atawaambia baba wadogo wa Charline wawapokee watu wangu kuzungumzia mahari. Kisipompendeza, niache kumpotezea binti yake muda. Asante, Mama, kwa kusema wazi.

Élisée ni jirani yangu wa karakana hapa Murara. Wivu sina. Visu vyake tu ndivyo vinanikera. Leo amenipa tupa kuukuu ya kunolea misumeno, iliyoisha meno, ati hiyo ndiyo itatoa mstari. Tupa! Mkwe wa Mama Henriette afue takataka ya seremala? Nimemshukuru kwa heshima, nikaisukumia chini ya mlango ili upepo usiugongegonge.

Mimi nimepata kwa fundi magari Habumugisha bamba la springi la jeep nyeupe ya shirika la misaada. Chuma kilichobeba wakubwa, kikapanda na kushuka milima yote ya Masisi. Chuma kilichosoma!

Jumanne, 4 Juni

Nimefua tangu asubuhi. Nikapaka udongo mgongoni mwa kisu, makali nikayaacha wazi, nikakitia motoni hadi kikawa chekundu, nikakizamisha majini. Hapo makali hupoa ghafla, mgongo polepole, na viwili hivyo vinapokutana ndipo mstari unapotokea. Nimesugua mpaka malengelenge. Mstari? Hakuna! Kisu kizima rangi moja kama sahani.

Élisée akaja kuchungulia, bila kualikwa. Akagusisha chuma changu kwenye jiwe la kunolea linalozunguka: cheche chache, zimepooza. Akagusisha tupa yake nyingine: cheche zikapasuka kama maua. Akaniambia, "Julien, hii ya jeep iko na vitu mingi ndani, inakuwa ngumu yote pamoja. Mustari inataka chuma ya kawaida tu, kama hii tupa."

Nimemshukuru, huku nimeuma meno.

Alhamisi, 6 Juni

Wazo! Kwa nini nisubiri moto unichoree wakati mkono ninao? Nimepaka nta ya mshumaa juu, asidi ya betri chini, ichore pasipo na nta. Mstari huo! Ziwa lenyewe siku ya upepo! Hata Élisée hajawahi kupata mawimbi mengi hivyo. Nimepiga magoti palepale kwenye vumbi jeusi nikamshukuru Mungu kwa kuniumba na akili.

Jumamosi, 8 Juni

Msiba. Charline amepita, akakiomba kisu, akakata samaki na ndimu. Kisha akakisugua kwa majivu, kama mama yake anavyosugua visu vyote. Mawimbi yakaondoka na majivu.

Nilidhani atalia. Alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mama hatajua, lakini kesho kisu kitasuguliwa vilevile, na yeye hataki mume mwingine, kwa hiyo nifue kisu cha kweli. Machozi yalinitoka. Moshi wa makaa, nikamwambia. Makaa yalikuwa hayajawashwa.

Basi nikaenda kwa Élisée kuazima kisu chake kimoja, nifute alama yake nigonge yangu. Habari ya kufuta sikumwambia. Alinitazama, akanyanyuka, akaja kwangu, akaichomoa ile tupa chini ya mlango, akawasha moto kwa makaa yake mwenyewe. Alinishikia koleo mchana kutwa. Nyundo aliniachia mimi, ati kisu cha ukweni hakifuliwi na mutu mwingine. Mstari ulipotokea, mwembamba, mweupe, umetulia, nilimkumbatia na masizi yake yote. Sijawahi kumpenda jirani namna hiyo.

Jumapili, 9 Juni

Mama Henriette kasugua kwa majivu. Kasugua kwa ndimu. Mstari upo! Amesema baba wadogo watatupokea, na visu vyote vya nyama ya karamu nitafua mimi, vyenye mstari uleule, kwani ameshawatangazia ndugu zake. Asante Mungu, asante Mama, asante Charline wangu, asante Élisée!

Jioni nimemuuliza Élisée ile tupa aliipata wapi. Kwa seremala mmoja wa Himbi, akasema. Himbi! Sasa nimeelewa kila kitu. Siri ni mtaa! Chuma cha Himbi kimekaa na watu wa maana. Na Habumugisha ana springi ya jeep ya shirika kubwa zaidi, ofisi yao iko Himbi kabisa, kando ya ziwa. Kesho alfajiri niko kwake.

Élisée, mtu wa roho nzuri, amenipa tupa nyingine, ya kuanzia visu vya karamu. Nimemshukuru mpaka akaona haya. Inashika mlango vizuri kuliko ile ya kwanza.