Makabati ya Mzee Rubeni Yanakwenda Kanada

Siku Mzee Rubeni wa Bomani alipoanza kutangaza kwamba anahamia Kanada kwa mwanawe, watu wengi walisikia habari za safari. Mwikwabe alisikia habari za makochi.

Mwikwabe alikuwa na shati moja jeupe, mhuri mmoja wa kuchongesha, na kibao mlangoni kilichosema yeye ni wakala wa forodha. Forodha yenyewe haikuwa na habari hizo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa meli?"

"Meli, kontena, bandari, vyote mimi."

Mzee Rubeni akamweleza shida yake kwa uchungu wa mtu aliyeonewa. Vyombo vya mtu anayehama havitozwi ushuru, mradi viwe vimetumika. Vyake vilikuwa makabati sita ya mninga, makochi manne na stuli moja, vyote vipya kutoka kwa fundi, maana alitaka kuviuza huko huko. Mawakala wawili wa kweli walikuwa wamemkatalia. Aliwaita wezi.

"Basi vitumike," alisema Mwikwabe. "Waite wajukuu."

Kwa siku tatu wajukuu waliruka juu ya makochi na kumwaga uji. Mzee mwenyewe, mzee wa kanisa anayeheshimika, alizunguka makabati akiyakwaruza kwa panga, taratibu, kama anayenyoa mtoto.

"Hapa bado papya, mzee," Mwikwabe alielekeza. "Ongeza kidogo."

Siku ya nne Fuso lilipakiwa. Mzee alipunga mkono hadi likapotea, akiamini linapita mpaka wa Sirari kuelekea bandari ya Mombasa. Kumbe safari ilikuwa inaishia Migori, ng'ambo tu ya mpaka, kwa mfanyabiashara aliyeahidi kununua vyote. Mwikwabe hakuwahi kupata mzigo mkubwa kama huo maishani mwake. Aliimba njia nzima.

Njia za panya zilikuwa tope tupu, kwa hiyo ilibidi apite mpakani kama raia mwema. Alitoa barua ya kuhamishiwa kazi Migori, aliyojiandikia usiku uliopita. Afisa wa forodha, mama wa Kikurya kutoka Nyamwaga, aliisoma mara mbili, akatoka kulitazama gari.

"Unahama?"

"Nahama, dada."

"Ng'ombe wako wapi?"

"Sina."

"Mke?"

Mwikwabe akakohoa.

"Mkurya mzima anahama hana ng'ombe, hana mke, ana makabati sita. Utatundika nini humo, huzuni? Hii ni biashara. Lete risiti za ulikonunua, au geuza gari."

Risiti! Angeweza kuleta mwezi kwa urahisi zaidi.

"Mke yupo!" alisema. "Amekwenda kununua karanga."

Akamkimbilia Dorah, mwanamke aliyeuza karanga hatua chache kutoka hapo. "Dada, niokoe. Kuwa mke wangu dakika tano. Nitakupa stuli."

"Stuli moja? Mama yangu hakuzaa kuku."

"Na kochi moja. Haya, twende!"

Afisa alimtazama Dorah. "Huyu ni mume wako?"

Dorah alimpima Mwikwabe kuanzia viatu, akapandisha macho hadi kwenye makabati. "Ndiye. Tunahama pamoja."

Wakatia sahihi wote wawili: mume, mke, na vyombo vyao vya nyumbani. Mhuri ukagongwa, mhuri halisi. Dorah akaomba nakala, akaipiga picha kwa simu, akaituma mahali.

Walipovuka, alipanda mbele kwa dereva. "Tupitie kwa kaka zangu hapo Isebania, nishushe kochi langu."

Kwa kaka zake walipokelewa kwa vigelegele. Shangazi watatu walikuwa wamekwisha kuvaa vitenge vya sherehe.

"Shemeji!" alisema Owuor, kaka mkubwa, simu mkononi. "Karibu sana. Uko na ng'ombe ngapi?"

"Ilikuwa utani tu, kaka."

"Utani uko na mhuri?" Owuor alimgeukia mdogo wake. "Orwa, ushawahi kuona utani uko na mhuri?"

"Hapana," alisema Orwa kwa upole. "Lakini kama shemeji anakataa, twende polisi. Aseme tu hizi kabati ni za nani."

Mwikwabe alitazama makabati, kisha akaenda mwenyewe kufungua nyuma ya Fuso.

Shangazi walikagua. Kila kabati lilihesabiwa ng'ombe mmoja, makochi yakawa mbuzi.

"Zimekwaruzwa vibaya," alilalamika Owuor. "Nani alifanya hivi? Basi tunapokea hivyo hivyo. Mahari ni ng'ombe kumi na mbili, kwa hivyo zimebaki sita. Sisi si watu wa haraka."

Vyote vikashushwa kutoka kwenye Fuso. Mwikwabe akawekewa ugali na samaki, akakalishwa juu ya stuli ambayo haikuwa yake tena. Simu yake ikaita.

"Mwanangu," ilisema sauti ya Mzee Rubeni, "mzigo umefika wapi?"

"Umeshavuka, mzee," alijibu. "Forodha hawakutoza hata senti."

"Nilijua! Hao mawakala wengine ni wezi tu."

Dorah akamsogezea mchuzi. "Mwambie pia umeoa," alisema. "Huenda akakuchangia ng'ombe."