Nafasi Mia za Mlango wa Binti Yangu

Jumatatu, tarehe 6 Mei

Leo nimeielewa kazi ya binti yangu! Miaka mitatu nimeisifia bila kuielewa. Sasa nitaisifia kwa vielelezo.

Anakitengenezea chuo cha ushonaji mfumo wa wanafunzi kwenye mtandao. Wanafunzi mia sita. Kila mmoja akitunga neno la siri, anasema binti, kesho yake atalisahau. Kwa hiyo wataingia kwa akaunti za baruapepe walizonazo tayari. Kampuni ya baruapepe inamtazama mtu, inamtambua, inauambia mfumo wa binti: huyu namjua, mpishe. Nikamwambia hiyo ni kama kufika ugenini ukataja ukoo wako. Wewe hawakujui, shangazi yako wanamjua, unapewa kiti. Akanikazia macho, akakiri kuwa ndivyo hasa. Yeye kasoma miaka kumi na sita. Mimi shule niliiacha njiani, na bado nimemdaka kwa sentensi moja. Maji hufuata mkondo.

Ijumaa Mkuu wa Chuo ataujaribu mfumo kwa mkono wake. Ukifanya kazi, binti anaajiriwa moja kwa moja. Ukigoma, mkataba unaisha mwisho wa mwezi, na jirani yangu Mama Pacha atacheka mpaka ashikwe na kwikwi. Mwanawe naye eti ni mtu wa kompyuta. Anatoa fotokopi.

Jumanne, tarehe 7 Mei

Mfumo bado uko kwenye majaribio, kwa hiyo kampuni inawapisha tu watu walioandikwa kwenye orodha. Nafasi ni mia. Binti amejiandika yeye, wenzake wawili, na (nashika kalamu vizuri) MIMI. Aliandika baruapepe yangu nikimwona, akabonyeza Hifadhi, basi. Ya Mkuu ataiweka Ijumaa palepale. Katibu wake bado anaitafuta.

Nikajaribu kwa simu yangu. Skrini ikanikaribisha kwa majina yangu yote matatu. Nikalia kidogo.

Nikakimbia saluni kwangu (iko hapo mbele, imepakana ukuta na sebule) kuwaonesha wateja. Mama Pacha naye akaingia, eti kuazima kitana. Huazima kitana kila palipo na habari. Akasema mlango wenyewe huo hauna maajabu, hata yeye ataingia. Akabonyeza kwa simu yake. Akakataliwa! Hana ruhusa, tena kwa maandishi mekundu. Sijapata kuona mashine yenye busara namna ile.

Aliondoka bila kitana. Lakini mlangoni akatupa neno: mfumo wa kumwingiza mama mzazi peke yake hata mwanawe angeutengeneza, tena kwa mkono mmoja.

Limeniingia mfupani.

Jumatano, tarehe 8 Mei

Nimelala nalo, nimeamka nalo. Nafasi tisini na sita tupu! Nani anafanya shughuli bila kualika watu? Mkuu akiona majina manne atasema binti huyu hana kwao.

Binti alikwenda kikaoni chuoni, akaacha kompyuta inachaji sebuleni, ukurasa uleule wa orodha uko wazi. Mimi nilikuwa nafuta vumbi tu. Kidole kikatua.

Nilianza na shangazi zake sita, maana damu nzito kuliko maji. Kisha fundi bomba. Muuza mayai. Mwalimu wake wa darasa la pili, aliyesema mtoto huyu hafiki popote: naye aone! Nikawatumia wateja ujumbe kwamba anayetaka kuandikwa alete baruapepe upesi. Simu ikawaka moto. Wengi hawakuuliza hata wanaandikwa kwenye nini. Hiyo ndiyo heshima. Wasiokuwa na baruapepe niliwaelekeza kwa yule wa fotokopi awafungulie. Kumbe kila mtu ana kazi yake duniani.

Kufikia jioni, sabini na wawili. Mgongo hauna hali.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Binti kaenda tena chuoni, kompyuta kaiacha, bahati hiyo. Siku hizi anahangaika na kurasa nyingine, orodha haitazami kabisa. Mtoto anachoka. Ndiyo maana namsaidia.

Saa nne asubuhi nilikuwa na tisini na tisa. Hapo ndipo Mama Pacha alipotokea saluni na sauti laini. Akaniita jirani mwema. Hajaniita hivyo tangu tuhamie. Alikuwa na ombi dogo. Nikamwacha alieleze mara mbili, ya pili kwa sauti, maana mteja mmoja alikuwa kichwa ndani ya kikaushio na ingekuwa dhambi akose. Kisha nikampa nafasi ya mia. Ya mwisho! Mimi sina kinyongo na mtu.

Binti sikumwambia. Zawadi haitangazwi.

Ijumaa, tarehe 10 Mei

Nilimsindikiza. Alikataa mara tatu. Nikamuuliza, kama nilimbeba yeye miezi tisa, begi la kompyuta litanishinda?

Mkuu ni mama mrefu mwenye tepu ya kupimia shingoni. Nikakaa nyuma kwa adabu. Katibu akaleta baruapepe ya Mkuu kwenye kikaratasi, binti akaiandika, na mfumo ukagoma. Nafasi zimejaa.

Orodha ilikuwa imemulikwa ukutani, kubwa kama shuka. Binti aliitazama kutoka juu hadi chini. Kisha akasema neno moja: Mama.

Mkuu akaanza kuisoma kwa sauti. Malkia wa Mayai. Mjomba Kipara. Bomba Halivuji. Akauliza hawa wako mwaka wa ngapi. Nikainua mkono nieleze, binti akaushusha kwa jicho.

Binti akamfuta Mama Pacha. (Sikatai, moyo uliburudika.) Hesabu ikabaki mia! Kumbe nafasi ikishatumika hairudi hata umfute mtu. Ikabidi aandikishe mfumo upya kwa ile kampuni, toka mwanzo: kitambulisho kipya, ufunguo wa siri mpya, orodha mpya yenye Mkuu juu, na anwani ya ukurasa wa kumrudishia mtu akishatambuliwa. Mkuu akatazama saa, akasema ana nusu saa.

Mwanangu akainamia kompyuta. Nikabaki kitini. Dakika mbili nzima! Kisha nikahamia karibu na Mkuu asije akachoka kusubiri, nikamweleza jinsi binti alivyotembea akiwa na miezi minane, na redio ya baba yake aliyoifungua yote na kuirudisha, ikabakiza skrubu mbili tu. Dakika ya ishirini binti akajaribu. Ikakataa. Kampuni inataka anwani ilingane herufi kwa herufi na ile iliyo kwenye mfumo, naye kwa haraka aliruka alama moja ya mwisho. Akaiweka. Dakika ya ishirini na saba Mkuu akabonyeza.

Karibu. Na jina lake lote.

Hakutabasamu. Alisema tutapata barua. Njia nzima binti alinipa kisogo. Uchovu.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

KAAJIRIWA! Nimepiga vigelegele mpaka mteja akasimama na rola zake kichwani.

Mkuu ameandika kwamba mtu anayejenga upya kwa nusu saa, huku anasimuliwa utoto wake, hapaswi kuachwa aende. Sharti ni moja. Kuanzia sasa kazi yote ifanyike chuoni, kompyuta isifike nyumbani, na jamaa za mfanyakazi wasikaribie mfumo. Binti alinisomea hapo mara mbili, polepole.

Nimeelewa. Wameona nyumba yetu ni finyu kwa kipaji chake. Na nani aliyekitoa kipaji hadharani? Orodha isingejaa, wangejuaje? Nilipomwambia hivyo binti alijishika kichwa, akanikumbatia, akaniapisha nisiguse kompyuta yake maisha. Nimeapa kwa moyo mweupe. Kompyuta siigusi.

Namba ya simu ya Mkuu niliiomba jana tukiwa kwenye mambo ya redio. Nimemwandikia kumshukuru, na kumjulisha kwamba Jumatatu saa mbili kamili nitakuwepo kumpangia binti meza, maana dirisha likiwa mgongoni hafikiri vizuri, na nikifika nitakaa siku mbili tatu mpaka azoee.

Amesoma. Hajajibu. Bila shaka anatafuta kiti kinachonifaa.