Bibi Leonia na Sufuria la Wali

Jumatatu, 3 Juni 1996
Baridi kali. Upepo unapita chini ya mlango wa studio. Studio ni neno kubwa: ni chumba, kamera moja, makopo ya rangi za mabango, na mimi Adolfu. Leo nimempiga picha jirani yangu Bibi Leonia, ya kwanza maishani mwake. Miaka yote alikataa. Kavaa kitenge kipya, kakaa kama anasubiri sindano. Nilipofumba jicho kulenga, akauliza kama wapiga picha wote ni chongo au ni mimi tu. Akacheka mwenyewe. Nikabonyeza hapo hapo. Nzuri sana hiyo. Ila picha zinasafishwa Mbeya, na mimi sipeleki filamu ambayo haijajaa. Bibi kasema atasubiri, hana safari.

Jumatano, 5 Juni
Mayunga, mfugaji aliyegeuka kuwa mwenye mashine ya kusaga, anataka nimtengenezee kalenda yenye picha ya mashine yake. Kaleta filamu yake mwenyewe, hataki ichanganywe na sura za watu. Nikaitoa ya Bibi ikiwa nusu: unaizungusha kurudi, sikio kwenye kamera, unaacha ulimi wa filamu, ile ncha yake, ubaki nje ili uirudishe baadaye. Kazi ya daktari. Ipyana, yule kijana aliyetoka Mbeya akafungua studio hapa mjini yenye pazia lililochorwa maporomoko, alikuwa mlangoni. Akasema, mzee wangu, tafuta kamera ya pili. Nikamwambia hata Mungu alianza na Adamu mmoja. Akanipa shikamoo ndefu, akaenda zake.

Jumamosi, 8 Juni
Harusi huko Chala. Kadi nilichora mimi, bango la ukumbi mimi, na picha mimi. Nimechoka kabla ya bibi harusi. Filamu ya Bibi Leonia imerudi kwenye kamera. Utaratibu ni kufunika lenzi na kubonyeza bure mpaka uzivuke picha zilizokwisha kupigwa. Nikawa navuka, huku wazee wamejipanga na suti zao za mitumba. Nikahisi navuka mno, napoteza filamu. Nikaishia hapo. Wa kwanza kupigwa alikuwa mpishi, aliyeng'ang'ania.

Jumanne, 11 Juni
Bibi Leonia alifariki jana. Kifua. Tumemzika leo. Jina msalabani nimeandika mimi, kwa bluu ya mabango, nyeusi ilikuwa imekwisha.
Binti yake Redempta, aliyeolewa Muze huko bondeni, kafika watu wanakung'uta majembe. Hakumwona mama yake. Akaniuliza, kaka Adolfu, ni kweli alikubali kupigwa picha? Nikamwambia kweli, tena anacheka. Akasema basi harudi Muze mpaka aione.
Ipyana anakwenda Mbeya kesho. Kajitolea kuipeleka filamu, bila hata kuombwa. Nimeudhika.

Jumamosi, 15 Juni
Ipyana kaleta bahasha bila kunitazama usoni.
Bibi Leonia yumo. Lakini juu yake, kwenye picha hiyo hiyo, kasimama mpishi wa Chala, na sufuria la wali limekaa pale palipokuwa na mdomo. Limebaki jicho moja na pindo la kitenge. Ipyana akasema polepole, mzee wangu, ukivuka uwe unazidisha.
Redempta hakunitukana. Heri angenitukana. Alimfunika mpishi kwa kidole gumba, akakiondoa, akamfunika tena. Akauliza kicheko kiko wapi. Nikamwonyesha sufuria.

Jumatatu, 17 Juni
Nimemchora Bibi kwa rangi, kwenye ubao, kutoka kichwani mwangu. Nilidhani kicheko nimekipata. Redempta kautazama ubao muda mrefu. Kasema asante kaka, huyu mama anaonekana mwema, ila yeye hamfahamu. Kapanda lori la Muze na ile picha ya sufuria, kaifunga kwenye pindo la kanga. Ubao kaniachia.

Alhamisi, 20 Juni
Nimelia kidogo asubuhi nikichanganya rangi. Enzi za uhai wake, kikohozi cha Bibi kilikuwa kinapita ukutani saa hizo.
Halafu likaja wazo. Mkoa mzima una marehemu wasio na picha! Kufika saa nne bango lilikuwa nje: TUNACHORA MAREHEMU KWA MAELEZO YA NDUGU. Ubao wa Bibi nimeutundika mlangoni uwe mfano.
Mayunga kasimama, kautazama, kauliza kwa nini nimejichora nimevaa kitenge. Macho yake yana vumbi la pumba, simlaumu. Na hata hivyo kaagiza ya mama yake, aliyefia Shinyanga, Mayunga akiwa bado anabebwa mgongoni. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa mrefu.
Nimemwambia inatosha.