Makofi ya Kukodi

Mji ule ulikalia mgongo wa mlima, na siasa zake zilipanda na kushuka kama barabara zake: wa juu chama hiki, wa chini chama kile, na pale sokoni katikati mume na mke walificha kadi tofauti chini ya godoro moja. Ulimi-Siagi, mjanja wa mji huo, aliposikia wagombea wote wawili watahutubia siku moja, asubuhi juu, jioni chini, alicheka mpaka akapaliwa na chai.

Hakulaza damu. "Mheshimiwa, uwanja mtupu ni aibu," alimwambia katibu wa juu. "Nakuletea watu mia, wenye makofi ya moto." Akalipwa nusu. Akateremka kwa katibu wa chini, akaapa vilevile, akalipwa vilevile. Watu wenyewe walikuwa mia walewale.

Hao aliwaomba kwa shangazi yake, fundi cherehani, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama.

"Fulana ziwe na pande mbili, shangazi. Nje kijani ya wa juu, ndani nyekundu ya wa chini."

"Na sisi tunapata nini, mwanangu?"

"Soda. Tena ya baridi!"

"Kwa hali ya hewa hii?" Shangazi alimtazama juu ya miwani, kisha akaendelea kukanyaga cherehani.

Asubuhi mambo yalinoga. Vigelegele vilipasua ukungu. Mgombea wa juu alifurahi hata akamng'ang'ania Ulimi-Siagi aketi meza kuu, ale, apigwe picha. Kuja kujinasua, lori la akina mama limeshaondoka.

"Ile nusu nyingine kachukua shangazi yako," katibu alimwambia. "Mama mwaminifu! Kasaini kabisa."

Ulimi-Siagi alitimua mbio mteremko mzima. Alifika uwanja wa chini anahema kama mvukuto, akamkuta shangazi kando ya katibu, anafunga pochi.

"Ndiye huyu niliyekwambia," shangazi alisema kwa upole. "Kawachoka wa juu, anataka kuhamia kwenu."

Hapo ndipo Ulimi-Siagi alipoitazama fulana aliyovaa. Bado kijani!

Kabla hajafumbua mdomo, vijana wa chama wamemnyanyua hadi jukwaani, wamempa kipaza sauti. Kusema kweli ni kuvunjwa mbavu. Kukaa kimya, vivyo hivyo.

"Nimewakana!" alipiga kelele. Spika zikaichukua sauti hiyo, zikaipandisha mlima mzima, mpaka kwa mgombea wa juu, aliyekuwa bado anachokonoa meno.

Akina mama wakalipuka kwa vigelegele, shangazi akiwaongoza. Na vigelegele hivyo havikulipiwa na mtu.