Betri Ishirini na Saba za Injinia Valerian

Habari hii nimeipata kwa Lusia, muuza uji wa soko la Katoro, wiki ile alipokuja kwetu kutusaidia kuchambua choroko. Alicheka hadi akachanganya mbovu na nzima, tukamwaga ungo na kuanza upya. Ninaiandika kama alivyoisema, ila mahali alipokuwa anacheka nimeparuka.

Mbele ya meza ya Lusia, hatua kumi hivi, kulikuwa na mwavuli mkubwa, na chini ya mwavuli alikaa Valerian, mwenyeji wa Ibadakuli kule Shinyanga, ambaye Katoro nzima ilimwita Injinia. Alivaa koti jeupe kama la daktari. Watu wanaliheshimu sana koti jeupe, na hakuna aliyejua kwamba hilo lilitoka kwa mwenye bucha aliyefunga biashara. Kando ya meza aliweka jenereta ndogo nyekundu. Umeme ukikatika soko zima hunyamaza, lakini meza ya Injinia ilinguruma, na watu wakasema kijana yule amefika.

Kufika kwenyewe alikuwa bado. Alitamani fremu, chumba cha duka chenye mlango wa kioo, pale kona ya stendi. Mwenye fremu, mzee Mwigulu, alikuwa amempa hadi Jumamosi. Ikipita, anampa muuza magodoro. Kwa hiyo Jumatatu ile Injinia alikuwa ameamka na njaa ya mlango wa kioo, ndipo akamwona mama mmoja anakuja, mgongoni amebeba kompyuta ndani ya kitenge kama mtoto mchanga, mkononi anavuta mbuzi.

Injinia akasimama, akafunga vifungo vya koti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," akajibu Injinia, ambaye siku hiyo alikuwa Mkatoliki.

Mama huyo aliitwa Martina, wa huko Ushirombo. Akakifungua kitenge taratibu.

"Hii ni ya binti yangu Dorah, yuko chuo cha ualimu. Ukiitia kwenye umeme inawaka. Umeme ukikatika inazima papo hapo. Inaandika kwamba betri haijatambuliwa, na kale kapicha ka betri kana msalaba mwekundu."

"Na kwenu umeme unakatika?"

"Kwetu umeme ni mgeni, mwanangu. Unakuja, unasalimia, unaondoka. Mara tatu sasa umemmezea Dorah kurasa zake. Ana ripoti ya utafiti ya kukabidhi Jumatatu ijayo. Asipokabidhi anarudia mwaka, na mwaka huo sina mahali pa kuutoa."

Injinia akatikisa kichwa kwa majonzi. Majonzi hayo alikuwa ameyafanyia mazoezi.

Sasa niseme ukweli wa ugonjwa wenyewe, maana Lusia aliuona ukitibiwa mara nyingi kuliko padri anavyoona ubatizo. Betri ya namna ile ina meno madogo ya shaba yanayoshikana na kompyuta. Meno yakipata vumbi, na Katoro vumbi hatununui, kompyuta haiioni betri. Dawa yake unachomoa chaji, unatoa betri, unasugua meno kwa kifutio cha penseli, unabonyeza kitufe cha kuwashia huku unahesabu hadi thelathini, unarudisha betri. Basi. Hata uji haujapoa.

Lakini Injinia alikuwa na namna yake. Mwenye kompyuta aliambiwa betri imekufa na inahitajika mpya, kisha akapelekwa kunywa uji. Huku nyuma Injinia alisugua meno, akabandika stika ya kung'aa iliyoandikwa MPYA, akamuuzia mtu betri yake mwenyewe.

"Imekufa, mama," alisema. "Ninayo mpya, inakaa saa sita bila umeme. Ila nenda pale kwa Lusia ukanywe uji. Nikiifungua hii inatoa hewa mbaya, hasa kwa wenye presha."

"Mimi sina presha."

"Utaipata."

Martina hakubisha. Ila kabla ya kuondoka alichomoa sindano kwenye kilemba chake, akakwaruza msalaba mdogo kwenye kona ya betri.

"Unafanya nini, mama?"

"Desturi tu, mwanangu. Nimekaa karasha miaka kumi na miwili, pale wanaposaga mawe ya dhahabu. Kiroba changu hakitoki mkononi bila alama. Mawe yakibaki peke yake yanabadilika sura."

Injinia akacheka kwa upole, kama anavyocheka daktari akionyeshwa hirizi. Martina alipovuka kwenda kwa Lusia, Injinia akasugua meno, na stika ya MPYA akaibandika juu ya msalaba. Kompyuta ikawaka, kapicha kakaonyesha betri imetambuliwa. Malipo yakawa mbuzi yule, jike jeusi lenye mimba, ambalo Martina alikuwa amekuja kuliuza kwa ajili hiyo hiyo.

Mbuzi akafungwa kwenye mguu wa meza. Hadi jioni alikuwa amekula stika nane za MPYA na mfuko mmoja wa koti.

Kule Ushirombo, betri mpya ya saa sita ilikaa saa moja na nusu, sawasawa na ile ya zamani kabla haijafa. Dorah akasema labda haijazoea. Martina aliichomoa, akabandua stika kwa ukucha, akaukuta msalaba wake umekaa pale pale unamngoja.

Alfajiri ya Jumatano akarudi Katoro, akaenda moja kwa moja kwa Lusia, akamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

"Wewe unakaa hapa kila siku. Yule mwenye koti anafanyaje?"

Lusia anasema hakuwahi kusema kwa sababu hakuwahi kuulizwa. Alipoulizwa alisema yote, mpaka kuhesabu hadi thelathini. Martina akanywa uji wake hadi mwisho, akaangalia uliobaki chini ya kikombe, akauliza: "Uji huu ukikauka unashika?"

"Unashika kama gundi. Niulize mimi ninayeosha vikombe."

Alhamisi asubuhi Injinia alimwona tena Martina, akaanza kuficha stika zake. Lakini mama alikuwa anatabasamu, na nyuma yake mkokoteni ulibeba kiroba.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Binti anaandika vizuri. Nimesema fundi kama huyu nisimfiche, nimletee kazi. Shemeji yangu alikuwa mlinzi wa ofisi fulani iliyofungwa. Kompyuta zao zote zilisema betri haijatambuliwa, wakatupa betri, yeye akaziokota. Ni ishirini na nane. Unipimie kama kuna nzima."

Injinia akachungulia kirobani. Lusia anasema masikio yake yalisogea. Betri ishirini na nane zilizokataliwa kwa sababu ya vumbi. Kwa macho ya Injinia kile hakikuwa kiroba, kilikuwa mlango wa kioo na bawaba zake.

"Ngoja nipime moja," akasema kwa sauti kavu. "Nenda kwanza ukanywe uji."

"Haya. Pima hii ya juu, nadhani inaingia kwenye ile kompyuta yako iliyo pale mezani. Nyingine ni za aina nyingine."

Akampa mwenyewe, mkononi, kisha akavuka kwenda kwenye uji. Ilikuwa imechafuka, meno yamegandwa na kitu cheupe, kona imepakwa tope. Injinia hakushangaa, alikuwa ameona chafu zaidi. Akaiweka kwenye kompyuta yake: haijatambuliwa. Akageuka kisogo, akasugua kwa kifutio, akahesabu thelathini, akarudisha: imetambuliwa. Akaichomoa haraka kabla mtu hajaona, akauvaa tena uso wa msiba.

Hapa lazima nisimame kidogo. Machimboni, mwenye kiroba ndiye anayekupa jiwe la juu ulipime, na jiwe hilo siku zote linang'aa. Mnunuzi wa kweli huingiza mkono hadi begani, akatoa la chini. Katoro hata mama anayechoma mihogo analijua hilo. Lakini Injinia alikuwa mtu wa Ibadakuli na wa koti jeupe, hajawahi kununua hata kokoto.

"Mama," Injinia alisema, Martina aliporudi, "pole sana. Imekufa."

"Na hizo nyingine?"

"Nimezikagua kwa macho ya kitaalamu. Zote zimekufa."

"Zote?"

"Hakuna hata moja yenye pumzi," akasema kwa sauti, maana watu walianza kusogea na alipenda kusikika.

Martina akashusha pumzi. "Basi nikazitumbukize chooni."

"Hapana, mama, hapana. Ni hatari. Niachie mimi nizizike kitaalamu."

"Kuna kijana wa Chato alisema atazichukua hata zikiwa zimekufa. Atanipa baiskeli na godoro. Gari la Chato linaondoka saa tano."

Injinia akatazama saa. Ilikuwa saa nne na robo.

"Nitakupa mbuzi wako," akasema.

"Mbuzi ni mbuzi. Baiskeli na godoro ni vitu viwili."

"Mbuzi na simu hii."

"Simu ninayo, inanitosha kusumbuliwa." Martina akaitazama jenereta kama mtu aliyeiona sasa hivi. "Hiki chekundu kinachonguruma kinafanya nini?"

Benedict, muuza viatu wa meza ya jirani, akasema, "Injinia, usitoe jenereta. Utakuwa kama sisi."

"Nyamaza, Benedict. Hujui mambo ya kisayansi."

Akafanya hesabu yake kimya, na hesabu ikampendeza. Atasugua leo, atauza kesho, Jumamosi atamshika Mwigulu mkono, na jenereta ataagiza kubwa zaidi.

"Chukua, mama. Mbuzi na jenereta."

Martina hakuichukua. Alisimama, mkono kiunoni. "Mwanangu, mimi ni mtu wa machimbo, sitaki kesho uniambie nilikuuzia kitu kibaya. Kitu kilichokufa unakinunulia jenereta?"

"Ni huruma tu, mama."

"Basi niandikie hivyo. Nikamwonyeshe binti."

Watu walikuwa wamejaa. Injinia akachukua karatasi akaandika, na Benedict akaisoma kwa sauti kwa sababu mama aliomba isomwe: Mimi Valerian nimezipima betri zote, zimekufa, na nimezichukua kwa hiari yangu kwa huruma. Akasaini, saini yenye mikia miwili.

"Asante," Martina akasema, akakunja karatasi ndani ya kilemba ilipokaa sindano. "Na hii uliyoijaribu nirudi nayo. Imekufa, haikufai, watoto wa jirani wataifanya gari."

Injinia akairudisha, maana akikataa ataonekana anajua iko hai. Ishirini na saba zinatosha kabisa kwa mlango wa kioo.

Martina akafunga jenereta kwa kitenge kilekile cha kompyuta, akaibeba mgongoni, akamfungua mbuzi, akaenda zake stendi ya Ushirombo. Gari la Chato liliondoka bila yeye na bila kijana wake, ambaye hakuwahi kuzaliwa.

Injinia alianza kusugua saa tano. Saa saba aliazima kompyuta kwa mafundi wenzake, kila aina, aone ipi inaipokea ipi. Ya kwanza: haijatambuliwa. Ya pili: haijatambuliwa. Akahesabu thelathini, akahesabu sitini, akahesabu kwa Kisukuma. Ya tisa ilikuwa imevimba kama andazi. Ijumaa akanunua vifutio vitatu. Alipofika chini ya kiroba akakuta risiti ya wauza skrepa, vyuma chakavu, wa Runzewe: betri mbovu, mzigo mmoja, kwa debe la mahindi.

Ndipo alipoigeuza moja kwenye mwanga, akaona kwenye kona msalaba mdogo wa sindano. Akachukua nyingine: msalaba. Nyingine: msalaba. Zote ishirini na saba, safi, kama waumini waliotoka kipaimara.

Jumamosi mchana mzee Mwigulu alipita na muuza magodoro, wanazungumza habari za funguo. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Soko limenyamaza, na meza ya Injinia imenyamaza pamoja nalo.

"Nenda polisi," Benedict alimwambia.

"Niseme nini?"

"Kwamba umeuziwa betri zilizokufa."

"Na karatasi?"

Benedict akafikiri. "Kweli. Karatasi uliandika vizuri, hata mimi niliielewa."

Lusia akavuka na kikombe cha uji, akakiweka mezani.

"Martina amepiga simu. Jenereta inanguruma tangu juzi. Dorah amemaliza ripoti usiku wa jana, leo amelala kama gogo na betri yake iko kifuani. Mbuzi naye amezaa, mapacha."

Injinia akageuza betri moja mkononi. "Amesema kitu juu yangu?"

"Anakusalimu. Anasema uzizike mbali na kisima, kama ulivyoahidi."

"Na kile cheupe kwenye meno? Nimewaza siku tatu. Ni dawa gani ile?"

Lusia akakisukuma kikombe karibu naye. "Kunywa kwanza."

Injinia akanywa. Tone moja likamdondokea kidoleni, likakaukia hapo, akalipangusa, likagoma kutoka. Akakitazama kidole, akamtazama Lusia, akakitazama kikombe. Kisha akacheka kicheko kidogo cha puani, cha kwanza tangu Alhamisi, ambacho Lusia anasema hakikuwa cha mazoezi.

"Lakini sukari umeweka kidogo," akasema.

"Uji wa betri hauna sukari. Hicho ni kikombe kilekile alichonywea Martina."

Jua lilikuwa kali na hakuna mteja. Benedict alishasinzia juu ya viatu vyake. Lusia akafunika sufuria, akaegemea nguzo, macho yakafumba kidogo kidogo. Injinia alibaki peke yake katika soko zima, akasugua betri moja tena, labda itakubali, akahesabu moja, mbili, tatu. Alipofika kumi na tisa, kifutio kilichobaki kama punje ya hindi kikamtoka vidoleni. Akavua koti jeupe, akalikunja, akaliweka juu ya kiroba, akaweka kichwa juu yake, akalala.