Siku ya Kura, Kila Mtu na Benchi Lake

Jumatatu, 7 Septemba 1987. Jinja.

Nimeteuliwa! Meneja wetu, Bwana Mugweri, amesema kiwanda cha sabuni lazima kiisaidie shule ya msingi iliyo nyuma ya ukuta wetu hapa Mpumudde. Vita viliiachia kuta na paa tu. Mabenchi ya darasa la saba yalitoweka yote. Mengine askari waliyachemshia chai, mengine hakuna ajuaye yalikokwenda. Mkaguzi wa shule anakuja Jumamosi. Akikuta watoto wamekaa sakafuni, hakuna mtihani wa mwisho hapa mwaka huu, na shule za jirani zimejaa. Sofia wangu yumo darasani humo. Vita vimeshamlia miaka miwili. Akipoteza wa tatu, atamaliza shule pamoja na wajukuu wangu.

Basi Mwenyekiti wa Kampeni ni mimi, Fadhul, karani wa stoo. Bohari letu la Mbale nalo litachangisha mabenchi, chini ya Geresom, mtu anayecheka kabla hujamaliza kusema. Atakayeshinda atapewa kile kiti cha kuzunguka cha ofisini. Waporaji walikiacha kwa sababu hakikupita mlangoni. Nashukuru Mungu kwa mlango ule mwembamba.

Jumanne, 8 Septemba.

Kampeni imeanza vibaya kidogo. Saa ya kutoka nilisimama getini na kipaza sauti, nikatangaza kwa Kiswahili changu safi: kila mtu asimame hapo alipo, atoe alicho nacho! Nilikuwa na maana ya mchango. Wote wakainua mikono juu. Wawili wakaruka ukuta. Eseza, mama wa idara ya kufunga sabuni, akavua saa yake, akaiweka chini bila kunitazama.

Nilisahau. Kwetu Wanubi Kiswahili ni lugha ya soko na utani. Wenzetu Wasoga wamekisikia miaka yote kwa askari wa vizuizi vya barabarani, na nyuma yake kuna bunduki. Nilimrudishia Eseza saa yake kwa mikono miwili, nikamwomba radhi. Akanishukuru! Asante yake imeniuma kuliko tusi.

Meneja amenipokonya kipaza sauti. Matangazo yote sasa ni ya Benedicto, msimamizi wa zamu, Msoga mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto. Nashukuru hakuna aliyevunjika mguu ukutani.

Jumatano, 9 Septemba.

Wazo! Tutapiga kura! Kila idara itasimamisha mgombea wa cheo cha Mfalme wa Mabenchi. Benchi moja, kura moja. Watu wa nchi hii wana kiu ya kura inayohesabiwa kweli. Mke wangu Mastula ameuliza watu watatoa wapi mabenchi. Nimemwambia haelewi siasa. Akaniuliza kama chakula cha jioni nacho nitakipigia kura.

Nimemfundisha Benedicto tangazo neno kwa neno. Jumamosi, shuleni, kuna kura, kila mtu aje na benchi. Kisha nikajibanza nyuma ya mapipa nimsikie akiwapasha watu wa mitambo. "Jumamosi iko kula kwa shule," akasema. "Kila mutu akuje na benchi yake." Ulimi wa Msoga huchanganya r na l, lakini maana ilifika. Walishangilia hadi mitambo ikawa haisikiki. Sikujua Wasoga wanapenda demokrasia kiasi hiki!

Alhamisi, 10 Septemba.

Geresom amepiga simu kutoka Mbale. Amesikia kwa Benedicto, haamini. Akaniuliza kama ni kweli Jumamosi Jinja kuna kula. Yeye Mgisu, naye r humshinda. Nikamjibu kwa maringo kwamba ni kubwa, ya idara zote, na wake na watoto. Akauliza kama Mbale nao wamealikwa. Nikasema waje wajionee. Akasema basi hawezi kuja mikono mitupu, Wagisu wasije wakasemwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa. Kiti cha kuzunguka nakiona kabisa!

Eseza ameniuliza kama waje na sahani. Nimemwambia sahani haina kazi, ni benchi tu. Akasema kweli mimi ni mtu mkarimu, na kwamba ya Jumanne ameyasahau. Sikuelewa sahani inahusianaje, lakini nimeshukuru sana kusamehewa.

Jumamosi, 12 Septemba.



Asubuhi walikuja! Mabenchi kichwani, mabenchi juu ya baiskeli. Familia nzima nzima, wameoga, kina mama wamevaa gomesi, yale magauni yao ya sherehe. Wakayapanga darasa la saba, wakakaa, wakanitazama. Nikahutubia juu ya kura. Wakapiga makofi, wakanitazama tena. Benedicto akaninong'oneza kwamba chakula kinachelewa. Nikamuuliza chakula gani. Akasema cha kula. Eti si mimi mwenyewe niliyemfundisha atangaze kuna kula?

Watoto hawakunywa hata chai asubuhi, walijiwekea nafasi tumboni kwa ajili ya chakula changu! Eseza aliuliza kwa sauti kama leo wameitwa kuporwa njaa, maana vingine vyote viliporwa zamani. Nikatafuta dirisha. Halina fremu, nashukuru. Mguu mmoja ulikuwa nje tayari niliposikia honi.

Lori la Geresom! Matoke, kuku, na malewa, yale machipukizi ya mianzi wanayoyapenda kwao. Alikuwa amesimamishwa kila kizuizi, akawaambia askari kwamba ni chakula cha watoto wa shule, wakampisha. Mabenchi hakuleta hata moja. Kina mama wakawasha moto pale pale. Nilimkumbatia Geresom, na sikuwa naigiza.

Mkaguzi alifika matoke yakiiva. Akakuta darasa limejaa mabenchi. Akala, akaandika, akatangaza kwamba mtihani utafanyika hapahapa. Sofia akanirukia shingoni na mikono yake ya mafuta. Shati limeharibika, halifuliki tena, na sijali.

Kisha mkaguzi akaenda zake, na watu wakaanza kuinua mabenchi warudi nayo nyumbani. Kila mtu lake! Mtihani ni wa watoto, na watoto wangeuandikia wapi?

Mwalimu mkuu, Mama Janepher, alilishika benchi lililokuwa karibu naye, akaligeuza miguu juu. Chini yake kuna herufi za shule, rangi ya bluu. Akageuza la pili. Herufi zile zile. Watu wakaangalia vidole vya miguu yao. Nikajua sasa watu wazima wataumbuliwa mbele ya watoto wao, na kosa ni langu mimi niliyewaita. Lakini Mama Janepher alipiga magoti, vile mama wa huku anavyoshukuru.

"Mwebale nyo," akasema. "Askari walichoma ingine yote. Hii nyinyi mulituchungia. Mungu awabariki."

Benchi halikuondoka hata moja. Benedicto alilia waziwazi. Eseza alilifuta lake kwa upindo wa gomesi, akalirudisha mstarini. Nami nililia, wala sioni haya kuandika.

Jumatatu, 14 Septemba.

Kiti cha kuzunguka kimefunguliwa skrubu, kikapita mlangoni vipande vipande, kimekwenda Mbale. Meneja anasema Geresom aliokoa siku. Nashukuru tu. Skrubu moja imelegea, siku moja kitambwaga. Meneja anasema pia kwamba yangu ilikuwa bahati. Bahati! Nimemweleza kwamba mpango ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Mastula amenishauri nipumzike na matangazo mpaka mwaka mpya. Kwa nini nipumzike na mambo yananinyookea?

Tena leo Benedicto amekuja stoo kunishukuru kwa niaba ya wafanyakazi. Amesema tangu vita viishe hawajaona kalamu kubwa kama ile ya Jumamosi, na wote wanataka kalamu nyingine. Nilishangaa. Mimi niliona kalamu ya mkaguzi tu, tena kijikalamu. Lakini moyo uliyeyuka. Watu wametoa mabenchi juzi tu, na tayari wanawaza watoto wataandikia nini!

Nimemwagiza atangaze mara moja. Jumamosi hii, shuleni, siku ya kalamu. Neno nimelipima herufi kwa herufi, halina r hata moja. Geresom naye amepiga simu kuuliza kama Mbale waje tena, wote. Nimemwambia waje, ila safari hii asijisumbue na lori. Waje mikono mitupu, sisi kalamu inatutosha.

Benedicto ametangaza mchana. Wameshangilia kuliko mara ya kwanza. Eseza ameuliza tena habari ya sahani, nikacheka, nikamwambia sahani aache nyumbani. Namshukuru Mungu kwa kunipa watu wanaopenda elimu namna hii.