Ombi la Kumrudisha Waziri Msituni

Kwa Mheshimiwa Lalbir Roka,
Waziri wa Mambo ya Ndani,
Kathmandu.

Mheshimiwa Waziri, ambaye nilikufuta kamasi,

Mimi ni Nausara, dada yako mkubwa, wa kijijini Jelkhola. Amani ilipokuja ulivua gwanda la uasi, ukapigiwa kura, hata yangu, ukapanda mpaka uwaziri. Kwa heshima zote za cheo chako, nakuomba ujiuzulu urudi msituni kabla ya sikukuu ya Tihar ijayo. Sababu ni hizi:

1. Ulipokuwa mwasi, serikali nzima ikikusaka kwa helikopta, mimi nilikupata kila Tihar, siku ya dada kumbariki ndugu yake wa kiume. Nilikuzungushia duara la mafuta ya haradali ili Mauti asivuke, nikakupaka tika, alama ya rangi ya baraka, kwenye paji la uso, nikakupasulia kokwa ngumu za mti wa jozi kwa jiwe. Asubuhi uliwahubiria vijana kwamba mila ni ujinga. Mchana ulikuwa wa kwanza kuinamisha kichwa. Leo hakusaki mtu, jina lako limeandikwa getini, na sikupati!

2. Tihar ya mwaka huu nilikuja kwa basi hadi kwako. Askari wa getini wakaninyang'anya jozi na jiwe. "Mama, hivi vitu ni hatari." Jamani! Wewe uliyelipua daraja letu, tukawa tunavuka mto kwa kamba na mbuzi mgongoni, leo walinzi wako wanaogopa jozi?

3. Mkuu wa walinzi hao ni Inspekta Khadka, yule yule aliyekuwa akinivizia vichakani ili nimfikishe kwako. Tulitambuana. Akanipigia saluti, akaninunulia chai, akasema, "Dada, zamani ningetoa chochote unipeleke kwake. Leo kazi yangu ni kukuzuia, usinichukie." Sikumchukia. Nimekuchukia wewe.

4. Jioni, kwenye mgahawa wa stendi, nikakuona kwenye televisheni. Foleni ya akina mama wa chama, wamevalia hariri, wanakupaka tika! Mmoja ni mke wa tajiri wa saruji. Tangu lini mmetoka tumbo moja? Na duara la mafuta hawakulizungusha, zulia lisije likachafuka. Mdogo wangu, Mauti haombi ruhusa getini. Nililia mbele za watu, wali ukapoa.

Kwa hiyo msitu ndio unaokufaa. Pango lako nimelifagia. Serikali ya kuipinga ipo, tena ni mbovu kupindukia, na wewe unaijua kwa ndani. Vijana hapa hawana kazi, watakufuata bila kubembelezwa. Hata daraja jipya lipo, ukipenda.

Msalimie mkeo, wapwa wangu, na Inspekta, mwambie chai yake ilinipoza roho. Mama anakusalimu, anauliza kama huko wanakulisha.

Ni mimi, raia mtiifu na dada asiyetii,

Nausara Roka

Nyongeza: Usirudi msituni. Magoti yangu hayapandi tena mlima ule, ukijificha huko sitakuona mpaka nife. Baki na uwaziri wako, baki na walinzi, hata zulia baki nalo. Lakini miaka yote nimekufuata mimi. Mara hii njoo wewe.